Bambo, Dodoso na Hukumu: Tunaposema "Utafiti Unaonyesha", Tunasema Nini?

Shangazi yangu ana nyumba ya vyumba vya kupangisha Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Wapangaji wake watatu wako mwaka wa mwisho, na asubuhi ukiwauliza wanaelekea wapi, jibu ni moja: "Shikamoo mama, niko kwenye utafiti." Wa kwanza hutoka na chupa tupu na kurudi nazo zimejaa maji ya visima. Wa pili huzunguka mitaani na madodoso, akiuliza watu wanakula mara ngapi kwa siku na ndani ya nyumba nani anashika hela. Wa tatu haendi popote. Anakaa chumbani na hukumu za mahakama alizochapisha, anapigia mistari kwa kalamu ya rangi mpaka usiku.

"Mwanangu," shangazi aliniambia siku moja tukichambua majani ya mlenda, "huyu wa chupa namwelewa. Yule wa maswali naona anachunguza mambo ya watu. Na huyu wa sheria anasoma tu. Sasa utafiti ni upi hapo?"

Nimelisikia swali hilo kwa sura nyingi. Redioni wanasema utafiti umethibitisha kwamba tangawizi inafanya hivi. Kwenye kundi la familia la WhatsApp anatokea ndugu na ujumbe kwamba watafiti wamegundua sababu ya ndoa kuvunjika. Kuna wanaolipokea neno hilo kama andiko lisilojadiliwa, na kuna waliochoka nalo wakalikataa lote. Naona pande zote mbili zinakwama mahali pamoja: hakuna anayeuliza ulikuwa utafiti wa namna gani.

Utafiti ni kutafuta jibu la swali kwa njia iliyowekwa wazi, kiasi kwamba mtu mwingine, hata asiyekupenda, anaweza kuipita njia hiyo hiyo na kukagua kama kweli ulifika unakodai kufika. Babu akikuambia kwa nini mvua imechelewa, hayo ni maarifa, na mara nyingi ni maarifa mazuri. Yanageuka utafiti pale anapoweka wazi aliona nini, lini, mara ngapi, na alilinganisha na nini, ili mjukuu aweze kuhakiki. Katika maana hiyo hamna maabara wala sindano. Kinachobadilika ni swali, na swali ndilo linaloamua shahidi gani aitwe. Kesi ya mbuzi aliyeibwa na kesi ya mpaka wa shamba haziamuliwi kwa shahidi mmoja, ingawa zote ni kesi.

Kabla ya kuwafuata wale wapangaji watatu, nimalize kwanza lalamiko ninalolisikia kuliko yote: "Mimi sikuulizwa, wala jirani yangu hakuulizwa, wanasemaje Watanzania wanaona hivi?"

Nenda soko la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, umtazame mnunuzi wa mahindi. Hamwagi gunia lote chini. Anashika bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji, analichoma gunia na kuchota punje chache kiganjani. Mnunuzi mzoefu hachomi mdomoni mwa gunia peke yake, kwa sababu anajua kuna wauzaji wanaopanga mahindi mazuri juu. Anachoma juu, ubavuni na chini, kisha anakwenda gunia jingine. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 3,085,625 katika sensa ya 2022. Sensa ndiyo kumwaga magunia yote, kazi kubwa mno, ndiyo maana hufanyika kila baada ya miaka kumi. Katikati ya hapo tunategemea bambo. Watu elfu chache waliochaguliwa kwa kura, mjini na vijijini, wenye umeme na wasio nao, wanaweza kuusemea mkoa vizuri. Watu laki moja waliojibu kura ya maoni kwenye simu zao hawawezi, kwa kuwa bambo limechoma mdomoni tu: wenye simu, wenye bando, na wenye hasira na jambo lenyewe. Kwa hiyo uliza kwanza bambo liliingia wapi, halafu ndipo uulize punje zilikuwa ngapi.

Sasa tumfuate mwenye chupa, yaani sayansi. Sayansi nayo ina njia zaidi ya moja, na mfano ninaoupenda uko huko huko Kongwa.

Vikope, ambavyo hospitalini huitwa trakoma, vimetesa macho ya watu wa kanda hii kwa vizazi. Ni bakteria wanaohama kwa vidole, nguo na nzi, na maambukizi yakijirudia miaka mingi, kope hujikunja kwa ndani na kukwaruza jicho hadi linapofuka. Kila mtu aliona kwamba watoto wenye nyuso chafu ndio wanaougua zaidi. Lakini kuona hivyo hakutoshi. Huenda mtoto mwenye uso mchafu ni wa nyumba iliyo mbali na maji, yenye watu wengi wanaolala pamoja, na uso mchafu ni alama tu ya hayo mengine. Ungeunawisha uso, hayo mengine yakabaki, na jicho likaugua vile vile.

Watafiti walichukua vijiji sita vya Kongwa, wakavipanga jozi tatu. Vyote vilipewa dawa ya macho ya tetrasaiklini. Kisha katika kila jozi kura ikaamua kijiji kimoja kiongezewe kampeni ya nguvu ya kunawisha watoto nyuso, na kingine kibaki na dawa peke yake. Kura hiyo ndiyo moyo wa kazi nzima, kwa sababu inamnyang'anya mtafiti nafasi ya kujichagulia kijiji chenye bomba na wazazi wenye mwamko. Watoto 1,417, wa umri wa mwaka mmoja hadi saba, walifuatiliwa kwa mwaka. Matokeo yalichapishwa 1995: kwenye vijiji vya kampeni, uwezekano wa mtoto kuwa na vikope vikali ulipungua, na walionufaika zaidi ni wale ambao nyuso zao zilikutwa safi tena na tena. Kwa vikope kwa jumla, vikali na vyepesi pamoja, tofauti kati ya vijiji haikuwa ya wazi.

Soma tena matokeo hayo, kisha fikiria jinsi habari ingetangazwa: "Utafiti wathibitisha kunawa uso kunatibu vikope." Dawa imesahaulika, ingawa vijiji vyote viliipata. Neno "vikali" limedondoka. Na uso uliobaki safi mwaka mzima umegeuka uso ulionawishwa mara moja. Hakuna mtu aliyesema uongo mahali popote, na bado msikilizaji amepata kitu kingine kabisa. Ndiyo maana nikisikia "imethibitishwa" huwa natafuta maneno yaliyopotea njiani.

Si kila swali la sayansi linakubali kupigiwa kura. Huwezi kuiamuru mvua inyeshe kijiji kimoja na kuacha kingine. Makutupora, kaskazini mwa jiji, ndiko vilipo visima virefu ambavyo Dodoma imevitegemea kwa maji kwa miongo mingi. Huko watu waliendelea kupima kina cha maji ya ardhini kwa miaka 55. Kumbukumbu hizo zilipochambuliwa na kuchapishwa 2013, zilionyesha kwamba mvua za kawaida zinaongeza kidogo sana katika hazina ya chini. Hazina inajazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997/98 ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa madaraja yaliyosombwa. Mtu anayepima kisima miaka mitatu angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba maji yanakwisha. Hapa shahidi alikuwa muda, na waliomleta shahidi huyo ni watumishi waliokwenda na kamba ya kupimia mwaka baada ya mwaka bila kujua jibu litakuja lini.

Mpangaji wa pili, mwenye dodoso, ndiye anayedharauliwa kuliko wote. "Mambo ya nyumbani kila mtu anayajua, ya nini kuyatafiti?" Turudi Kongwa.

Uso wa mtoto unanawishwa na nani? Na mama. Kwa maji ya nani? Ya mama huyo huyo, aliyoyabeba kichwani kutoka mbali, na kila kata ya maji ana hesabu nayo: ugali, kunywa, ndama. Ukifika na kumwambia anawishe watoto kila siku, hujui nyumbani kwake nani ana sauti juu ya maji na juu ya muda wake. Ni mume? Ni mama mkwe? Ni yeye? Mradi ule ule wa macho ulilazimika kufanya utafiti wa pili, uliochapishwa 1992, kuhusu namna Wagogo wanavyofikia maamuzi ndani ya kaya: wanaume wana nafasi gani, wanawake gani, na jamii inayowazunguka gani. Hadubini haioni kitu hapo. Inabidi ukae, usikilize, uulize tena kwa maneno mengine, umsikie mke akiwa peke yake na mume akiwa peke yake. Nasema kwa uhakika kwamba bila huo utafiti wa "mambo ya watu", ule wa chupa na dawa ungekuwa umewatuma kina mama vitani bila silaha.

Ugumu wa utafiti wa familia uko kwenye maneno ya kawaida kabisa. Chukua "kaya". Sisi tunalichanganya na familia, lakini kwa mtakwimu kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, wawe ndugu au wasiwe. Mwanao anayesoma Mwanza ni familia yako, si wa kaya yako. Binti wa kazi anayelala na kula kwako ni wa kaya yako. Ukiambiwa kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3 ukakasirika kwa sababu nyie mko tisa, jiulize kwanza mnakula vyungu vingapi.

Kisha kuna "mkuu wa kaya". Mume wa shangazi anashinda Kiteto kwenye mashamba sehemu kubwa ya mwaka. Yule kijana wa madodoso alipomuuliza mkuu wa kaya ni nani, shangazi alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kijana alifungua mwongozo wake: ni yule ambaye wanakaya wenyewe wanamtambua kuwa mkuu wao. Shangazi akasema, "Basi andika mimi." Nilikuwepo, na nikaona jinsi mstari mmoja wa takwimu unavyozaliwa. Kwenye ripoti atakuwa sehemu ndogo ya asilimia ya kaya zinazoongozwa na wanawake, na msomaji hatajua kuhusu ule ukimya. Ndiyo sababu wengine huchagua njia ndefu zaidi. Peter Rigby, mwanaanthropolojia, aliishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 akifuatilia jinsi ng'ombe wanavyofunga undugu, kuanzia mahari hadi mikopo ya mifugo kati ya marafiki. Namna hiyo haikupi asilimia. Inakupa sababu ya watu kutenda wanavyotenda. Dodoso linakuambia wangapi. Kuishi na watu kunakuambia kwa nini. Mtu anayemlaumu mmoja kwa kukosa alichonacho mwenzake hakumwelewa yeyote.

Na huyu wa tatu, anayesoma tu?

Sheria haina kipimajoto. Swali la mtafiti wa sheria mara nyingi ni hili: sheria inasema nini hasa, na imekuwa ikieleweka vipi na wenye mamlaka ya kuifasiri? Shahidi wake ni maandishi: Katiba, sheria za Bunge, hukumu zilizotangulia. Lakini kusoma huko kuna nidhamu yake, na mfano ulikuwa uani kwa shangazi penyewe. Kulikuwa na mabishano kuhusu kijana na binti wanaoishi pamoja chumba cha mwisho. Jirani mmoja alisema wakifikisha miezi sita tayari ni mke na mume kisheria. Mwingine akasema hapana, ni miaka miwili, ikitimia tu basi. Mpangaji wetu wa sheria akaingia ndani, akatoka na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160.

Miezi sita haimo. Miaka miwili imo, lakini haikuja peke yake. Lazima ithibitishwe kwamba wawili hao wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowapa sifa ya kuonekana na watu kuwa mume na mke. Hata hapo sheria haisemi wamekuwa wanandoa. Inasema kutakuwa na dhana kwamba walioana, na dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Ni kama kufika kwenye nyumba yenye moshi juu ya paa: unachukulia kuna mtu jikoni, mpaka uingie ukute hakuna. Kila neno katika kifungu hicho lina kazi, na mtaani yalibaki mawili tu, "miaka miwili".

Mtafiti wa sheria hufuata pia jinsi neno moja linavyokua kupitia hukumu. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo hiyo kinazungumzia mchango wa kila mwanandoa katika mali iliyochumwa pamoja. Je, kupika, kufua na kulea ni mchango? Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilijibu ndiyo. Wengi wanaoitaja kesi hiyo hudhani mama huyo alishinda akagawiwa nyumba. Rufaa yake ilikataliwa kwa mazingira ya kesi yenyewe. Kilichoendelea kuishi ni kanuni, na ndiyo inayowabeba wanawake wengine mahakamani hadi leo. Kutenganisha matokeo ya kesi na kanuni iliyotamkwa ndani yake ni ufundi, na ndio huo mpangaji wetu anaoupigia mistari usiku.

Sheria inapokutana na takwimu za familia, hazigeuki kuwa kitu kimoja. Mahakama Kuu ilipotamka Julai 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakinzana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019, kiini kilikuwa usawa: kwa nini mvulana asubiri 18 na msichana asisubiri? Wingi wa mabinti wanaoolewa mapema ni utafiti wa mtu wa dodoso. Madhara ya mimba za utotoni ni wa daktari. Kama vifungu vinapatana na Katiba ni wa mwanasheria. Asilimia peke yake haiwezi kufuta kifungu.

Watu huniambia, "Watafiti wenyewe wanapingana, tumwamini nani?" Nawapeleka Kondoa. Ardhi ya milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo kiasi cha kutisha. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Mtafiti wa mimea alikuta nyasi na vichaka vimerudi. Mtafiti wa maisha ya kaya alikuta watoto waliokosa maziwa, mashamba yaliyokosa samadi, na mifugo iliyohamishiwa kwa ndugu maeneo jirani. Wote wawili wako sahihi. Mmoja aliiuliza ardhi, mwingine akauliza nyumba, na anayeona wamepingana alidhani swali lilikuwa moja.

Kuna jambo ambalo siwezi kuliruka nikiandika kuhusu utafiti katika mkoa huu. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na wanakijiji na gari lao likachomwa moto. Walikuwa kwenye utafiti wa udongo. Ilivumishwa kuwa ni wanyonya damu, mumiani. Imani ya mumiani ni ya zamani kuliko sisi, na inanenepa penye ukimya: gari geni, watu wageni, wanachimba na kuweka vitu kwenye mifuko, na hakuna aliyewaeleza wenye kijiji. Hakuna maelezo yanayopunguza uzito wa watu watatu waliokufa kwa ajili ya udongo.

Kwa hiyo wewe mwananchi ujue ulichonacho mkononi. Mtafiti anayekuja kijijini au mtaani anatakiwa kuwa na kibali. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, hutoa vibali vya utafiti, na unaogusa afya za watu hupitiwa kimaadili na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mwanafunzi anapaswa kuwa na barua ya chuo na kupita kwa viongozi wa eneo, mpaka kwa mtendaji. Muombe barua, na uisome. Muulize anatafuta nini, jina lako litaandikwa au halitaandikwa, na kama ni damu au maji au udongo, vinakwenda wapi. Una haki ya kukataa, kuacha swali moja bila kulijibu, au kuacha yote katikati. Ridhaa maana yake ni hiyo, na mtafiti wa kweli hakasiriki ukiidai.

Shangazi aliongeza swali lake ambalo sijaliona kwenye mwongozo wowote wa dodoso: "Na majibu utaniletea lini?" Aliwauliza wote watatu. Wa dodoso aliona aibu, akasema hakuwa amelifikiria. Wa sheria aliahidi kumsomea sura moja kazi ikikamilika. Wa maji alirudi wiki ya tatu na karatasi yenye vipimo vya kisima cha uani, akamfafanulia mstari kwa mstari: vijidudu vitakufa akichemsha, chumvi haitatoka kwa kuchemsha. Karatasi hiyo imebandikwa kwenye mlango wa jiko, na wapangaji wapya wakifika shangazi huwasimamisha hapo kwanza kabla ya kuwaonyesha chumba.